Noti Tisa za Mama Wahu

Wilkista Nakhungu hakuwa mwongo. Hata majirani wasiompenda pale Kanduyi walikubali hilo. Miaka ishirini na sita alikaa nyuma ya kioo cha keshia katika benki moja mjini Kitale, na siku alipostaafu, meneja alisimama mbele ya wafanyakazi wote akasema huyu mama hajawahi kufunga siku na upungufu wala ziada. Akapewa saa ya ukutani na blanketi, akarudi kwao Bungoma pamoja na mumewe Wanyonyi, ambaye naye alikuwa amemaliza kazi yake ya kufundisha wakulima kule Mabanga.

Kulikuwa na kitu kimoja alichotoka nacho benki, nacho alikipata kwa haki. Kila alipoona mikononi mwa mteja noti ya zamani, alitoa pochi yake, akaweka noti yake mwenyewe ya thamani ileile kwenye droo, msimamizi akishuhudia, ndipo akaichukua ile ya zamani. Hivyo ndivyo alivyopata noti sitini na tatu katika maisha yake ya kazi. Wenzake walinunua vitambaa, wakanunua mashamba madogo Moi's Bridge. Yeye alinunua pesa kwa pesa, wakamcheka, naye akawaacha wacheke.

Kuzitunza kulimfundisha kwa kumwumiza. Mwanzoni alizibandika kwenye albamu ya picha za harusi, ile yenye kurasa za gundi na karatasi ya plastiki juu. Baada ya miaka mitatu alijaribu kuitoa noti moja ya shilingi kumi, ya kijani, ikatoka nusu. Nusu ya pili ilibaki kwenye gundi mpaka leo. Akahamia kwenye mifuko ya plastiki ya kuwekea vyeti, inayouzwa kila duka la vitabu. Hiyo nayo ikaanza kutoa jasho wakati wa mvua, na noti zikanuka kama viatu vya mpira. Mwishowe binti yake Joan, anayefanya kazi Nairobi, alimtafutia mifuko ya plastiki ngumu, angavu, isiyotoa jasho wala harufu, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo tu. Wilkista akaweka kila noti katika mfuko wake, mifuko akaipanga katika albamu ya buluu, albamu akaisimamisha wima ndani ya kabati lisilofikiwa na jua, na pembeni yake akaweka vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Hakuna mjukuu aliyeigusa. Hakuna mgeni aliyeoneshwa bila kunawa mikono na kuikausha kabisa.

Kwa hiyo hazina yake ilikuwa salama kama marehemu kaburini. Halikuipata baya lolote, na hakuna aliyekwenda kuitembelea.

Wacuka, ambaye wengi walimwita Mama Wahu kwa jina la mwanawe, alikuwa keshia wa dirisha la jirani kwa miaka kumi na mmoja. Mumewe, Gathogo, alikuwa na duka la mbegu na dawa za mifugo mjini Kitale, na familia yao ilikuwa imelima Saboti tangu siku za baba yake. Wilkista ndiye aliyemfundisha Wacuka kuona. Alimwonesha jinsi ya kuinua noti kwenye mwanga ili kichwa cha simba kijitokeze ndani ya karatasi. Akamwonesha jinsi ya kupitisha kidole juu ya maandishi ili kuhisi yamevimba. Wacuka akaanza kuweka noti zake kwenye bahasha ya kaki, noti za kawaida tu, na kila akipata moja alikuwa akimletea Wilkista aihakiki kama mtoto anayeleta daftari kwa mwalimu.

Siku hizo Wilkista alimpenda sana. Ni rahisi kumpenda mwanafunzi asiyekukaribia.

Kisha baba yake Gathogo akafariki. Walipofungua ghala lake la ngano kule Saboti ili kugawa vitu, walipata nyuma ya magunia debe la mafuta ya kupikia, na ndani ya debe, likiwa limefungwa kwa kitambaa cha unga, fungu la noti kumi. Mzee hakuwahi kuamini benki hata siku moja, japo mke wa mwanawe alifanya kazi humo. Alikuwa amezificha tangu miaka ya kwanza ya uhuru, akazisahau au akajifanya kuzisahau.

Wilkista alikwenda kuwapa pole. Baada ya chai Wacuka akamwita chumbani, akakunjua kile kitambaa juu ya kitanda.

"Mwalimu," akasema, akiwa na tabasamu mpaka masikioni. "Hebu niambie nimeona nini."

Ya kumi ilikuwa noti ya shilingi mia ya toleo la kwanza, ya mwaka sitini na sita, rangi ya zambarau. Ilikuwa imekunjwa mara moja tu katikati. Wilkista alikuwa ameitafuta noti hiyo miaka kumi na tisa. Alikuwa ameandika barua, amepiga simu, amewauliza wazee wa Chwele na wa Kibabii, ameahidi kuku, ameahidi mbuzi. Na hapa ilikuwa imelala kwenye shuka la mtu ambaye hakuwahi kuitafuta hata dakika moja.

"Ni nzuri," alisema.

"Nzuri tu?"

"Ni nzuri sana, Mama Wahu."

Alishika mkono wa Wacuka, akaubana kama mtu anayefurahi pamoja na mwenzake. Ndani yake kitu kilikuwa kimejikunja kama jani la tumbaku kwenye moto. Njiani kurudi hakukumbuka kupita Kamukuywa. Alipofika nyumbani alifungua albamu ya buluu, akaitazama kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na kwa mara ya kwanza noti zake sitini na tatu zikamwonekania kama chenji.

Wivu una adabu zake za mwanzo. Haumwambii mtu aibe, wala haumwambii apige. Humwambia tu apunguze simu, kisha achelewe kujibu, kisha ajibu kwa neno moja. Mwaka mzima ulipita hivyo, na Wacuka, ambaye hakuwa na wivu na hivyo hakuutambua, alidhani rafiki yake ana shughuli nyingi.

Ndipo sacco yao, chama cha akiba na mikopo, ikajenga ofisi mpya Kitale. Wote wawili walikuwa wanachama wa tangu mwanzo. Katibu wa sacco, Festus, mwanamume mnene mwenye maneno mengi, aliwapigia simu kwa zamu. Kwenye ukumbi wa kuingilia walikuwa wameacha nafasi ya kabati moja la kioo, nao walitaka ndani yake kuwe na noti za zamani za Kenya, ili mwanachama akisubiri foleni ajifunze historia. Chini ya kabati pangebandikwa kibao cha shaba chenye jina la mwenye noti.

"Kibao kimoja, jina moja," Festus akasema. "Nitapita kwako, nipite kwa Mama Wahu, tuamue. Lakini mama, tunataka kitu ya kuonekana, bana. Si kitu imefichwa."

Wilkista aliweka simu mezani. Kibao cha shaba. Alijiona amesimama pembeni ya kabati, watu wakisoma jina lake, yeye aliyefunga siku miaka ishirini na sita bila upungufu na akapewa blanketi. Halafu akaiona ile mia ya zambarau katikati ya kabati, na chini yake jina lisilo lake.

Jumatano, kama saa nne asubuhi, Wacuka alipiga simu. Wilkista alikuwa uani akianua nguo, na Wanyonyi alikuwa kwenye kiti chake kibarazani akinoa jembe.

"Mwalimu! Sasa?"

"Salama, Mama Wahu."

"Nisaidie, mwenzangu. Hizi noti zangu ziko tu kwa kitambaa, na Festus anakuja wiki ijayo. Nimeenda kwa Jerop, yule wa saiba, wa kompyuta na fotokopi, karibu na soko. Ameniambia hakuna haja ya kusumbuka, ati tuzilamineti zote, halafu tuweke kwa fremu. Ameniambia maji haiingii, vumbi haiingii, mende haili. Gathogo anaogopa. Mimi nikasema ngoja niulize mwenyewe."

Wilkista akasimama na shati la mumewe mkononi.

Alijua. Alijua vizuri kuliko mtu yeyote kutoka Malaba mpaka Kapenguria. Alijua kwamba mashine ile hupika karatasi kati ya plastiki mbili kwa moto, gundi ikayeyuka na kuingia ndani ya nyuzi za noti, na kwamba baada ya hapo hakuna mkono wala dawa ya kuitoa. Alijua kwamba maandishi yaliyovimba hubanwa yakawa bapa, na kwamba mtu wa kununua noti akiona imepikwa huirudisha bila hata kuuliza bei. Lakini pia alijua jinsi watu wetu walivyo. Sisi ni watu wa kulamineti. Cheti cha darasa la nane, cheti cha ubatizo, kitambulisho cha marehemu, hata picha ya ng'ombe aliyeshinda kwenye maonyesho, vyote tumevipika plastiki na kuvitundika ukutani, tukaamini tumevihifadhi milele. Wacuka hakuwa mjinga. Alikuwa akifanya alichofanya kila mzazi mwenye akili.

"Mama Joan, uko?"

"Niko." Wilkista alikunja shati mara mbili. "Vyeti vya Wahu si ulivilamineti?"

"Vyote. Mpaka cha nasari."

"Na viko namna gani?"

"Viko sawa kabisa! Kama jana."

"Sasa," Wilkista akasema, "si umeona mwenyewe."

"Basi Gathogo asinisumbue. Asante, mwalimu. Mungu akubariki."

Hakuna neno la uongo alilosema. Mtu angeyaandika maneno yake yote kwenye karatasi na kuyapeleka mahakamani, hakimu angemwachilia. Lakini Mungu hasomi karatasi tu, na wako watu wengi ambao hawajawahi kudanganya maishani mwao, nao wamefanya kwa kweli zao yale ambayo mwongo hodari asingethubutu.

Wanyonyi hakuinua uso kutoka kwenye jembe.

"Huyo alikuwa Mama Wahu?"

"Eeh."

"Anataka kupika zile noti za mzee?"

"Aliuliza tu."

"Si wewe ndiye ulinifokea mwaka ule nilitaka kulamineti ile noti yangu ya elfu, ile Benki Kuu walifuta? Ulisema nitakuwa nimeua mtu."

"Mimi sijamwambia alamineti."

"Sijasema umemwambia." Alijaribu makali ya jembe kwa kidole gumba. "Nimeuliza tu kama umemwambia asifanye."

"Baba Joan, mambo ya noti ulianza kuyajua lini?"

"Ya noti siyajui. Mimi ni mtu wa mahindi," akasema mzee. "Lakini huko Mabanga tulikuwa tunafundisha hivi: ukiona jirani anapanda mbegu imeoza na unyamaze, hiyo njaa ni yako pia. Piga simu, mama."

"Nitapiga."

Hakupiga. Alhamisi alisema Wacuka atakuwa sokoni. Ijumaa alisema labda mashine ya Jerop imeharibika, kwa nini amsumbue mtu bure. Jumamosi alikuwa na kazi nyingi, maana alikuwa akitengeneza maonyesho yake mwenyewe, na hakuna anayeweza kusema hakuyatengeneza vizuri. Alimwita fundi Mukhisa, akamwagiza fremu tatu za mbao ngumu. Mukhisa alitaka kuzibana noti moja kwa moja kwenye kioo.

"Kioo hakigusi noti," Wilkista akamwambia. "Kioo hutoa umande. Weka utepe wa mbao kandokando, noti ikae nyuma, ipumue."

"Na ninashika na nini, mama? Selotepu?"

"Ukileta selotepu hapa nitakufukuza na nyundo yako. Ninakata pembe za karatasi, noti inaingia pembe nne kama picha ya zamani. Nataka siku moja iweze kutoka jinsi ilivyoingia."

"Haya. Hii si fremu, ni wodi ya maternity," fundi akasema, akacheka peke yake.

Wilkista hakucheka. Maneno yale, iweze kutoka jinsi ilivyoingia, yalimrudia masikioni jioni nzima, lakini juu yake yakaja mawazo mengine yenye ladha tamu zaidi. Aliziona noti za Wacuka zikitoka kwenye mashine moja baada ya nyingine, zikiwa na moto. Alimwona mtu mwenye ujuzi, mgeni kutoka Nairobi pengine, akiinama mbele ya fremu za Kitale na kutikisa kichwa. Alijilaza na picha hiyo. Chakula cha wivu ni kitamu, anayekila hanenepi wala haachi.

Festus alikuja Bungoma Jumanne iliyofuata. Alinywa chai, akala mayai matatu, akazitazama fremu tatu zilizoegemezwa mbali na dirisha.

"Ziko safi," akasema. "Zimepangwa vizuri. Lakini mama, usinielewe vibaya, zinakaa kama faili ya ofisi. Jana nilikuwa kwa Mama Wahu. Aisee! Zinang'aa, mama. Unaona mpaka uso wako kwa noti. Hizo zikiwekewa taa, mtu akiingia kwa mlango anasimama."

"Zinang'aa," Wilkista akarudia.

"Kama kioo. Alisema ni wewe ulimshauri. Nikamwambia huyo ndiye rafiki."

Wilkista alimsindikiza mpaka kwenye gari. Alikuwa amemchimbia mwenzake shimo, na mwenzake amesimama juu ya mchanga wake akaonekana mrefu zaidi. Hasira aliyoihisi haikuwa juu yake mwenyewe, la hasha. Ilikuwa juu ya Festus asiyejua noti, juu ya Jerop na mashine yake, na juu ya Wacuka aliyependwa na kila mtu hata akikosea.

Siku hiyohiyo alasiri Wacuka alipiga simu, sauti ikiruka kwa furaha.

"Wametuchagua, mwalimu! Lakini kuna kitu imebaki. Tisa ziko tayari. Ile ya mia Gathogo amekataa kabisa ipelekwe kwa Jerop. Ameikalia kama kuku. Anasema ni ya baba, na hawezi kuipitisha kwa moto mpaka wewe uione na macho yako na useme. Festus anataka hiyo ndiyo ikae katikati. Njoo Jumamosi, tafadhali. Nitakupikia mukimo."

Wilkista alikwenda Jumamosi. Kwa nini alikwenda, yeye mwenyewe asingeweza kukuambia. Sehemu moja ya moyo ilitaka kuziona zile tisa zilivyoharibika. Sehemu nyingine ilikuwa na neno la mumewe ndani yake kama mwiba wa samaki.

Walimkaribisha sebuleni. Noti tisa zilikuwa ukutani ndani ya fremu yenye rangi ya dhahabu, mkabala na dirisha, na jua la saa tano lilikuwa limezipiga sawasawa. Ziling'aa kweli. Wilkista alisogea. Kwenye noti ya shilingi ishirini, ya buluu, kulikuwa na kipovu kidogo cha hewa kando ya uso wa rais wa kwanza. Kwenye noti ya kumi, kona iliyokunjika ilikuwa imepikwa ikiwa imekunjika, na sasa ingebaki hivyo mpaka kiyama. Hata kabla ya kugusa alijua kwamba kidole hakingehisi chochote. Miaka yote ile katika giza la debe hazikupata doa, na dakika chache za mashine zilikuwa zimezimaliza.

Alitarajia kuona raha. Raha ilikuja kweli, ikasimama mlangoni, ikakosa pa kukaa.

Gathogo alikuwa kwenye kochi. Mtu mkimya, mwenye mikono mikubwa yenye harufu ya dawa ya ng'ombe. Magotini alikuwa na kile kitambaa cha unga. Alikikunjua, noti ya zambarau ikaonekana.

"Mama Joan," akasema, "karibu. Mimi sijui hizi vitu. Baba alinipa shamba, hii hakunipa, aliacha tu. Wacuka anasema ilaminetiwe. Jerop anasema. Katibu anasema. Mimi nimesema kuna mtu mmoja anajua hii kazi hapa kwetu, na ni wewe. Ukisema ipikwe, naipeleka leo. Ukisema hapana, nitakaa nayo hivi."

Akaiweka juu ya kiganja, akamnyooshea.

Wacuka alikuwa amesimama na birika la chai, akitabasamu. Mambo yalikuwa yamekuja mahali pembamba, na Wilkista aliyaona yote kwa pamoja. Akisema ndiyo, noti aliyoitafuta miaka kumi na tisa ingekufa kabla ya chakula cha mchana, isiwe yake wala ya mtu. Akisema hapana, mtu mmoja lazima angeuliza swali, na swali hilo lilikuwa na jibu moja tu. Hapakuwa na njia ya kuiokoa noti na kuliokoa jina lake.

Tena, na hili lazima lisemwe ili msomaji asimwone bora kuliko alivyokuwa, wazo la kwanza lililomjia lilikuwa ni ndiyo. Lilifika mpaka kwenye ulimi.

"Usiipeleke," akasema.

"Eh?"

"Usiipeleke kwa Jerop, Baba Wahu. Isiguswe na moto. Ikipikwa imekufa."

Gathogo akaikunja noti ndani ya kitambaa, polepole. Wacuka akaliweka birika mezani.

"Imekufa namna gani?" akauliza. "Na hizi?"

Wilkista akatazama ukuta.

"Na hizi, Mama Joan?"

"Hizi haziwezi kutoka tena. Plastiki imeingia ndani. Mtu anayejua noti hawezi kuzihesabu kama noti. Ni picha tu sasa."

"Lakini wewe ulini..." Wacuka alikuwa akirudia yale mazungumzo ya simu kichwani, neno kwa neno, na uso wake ukawa unabadilika kadiri alivyoyarudia. "Uliniuliza vyeti vya Wahu."

"Ndiyo."

"Siku hiyo ulijua?"

"Nilijua."

"Ulijua, ukanyamaza?"

"Sikunyamaza tu. Nilikusukuma kwa maneno yako mwenyewe." "Nilikuonea wivu, Wacuka. Tangu siku ile ya kitandani. Nilitafuta hiyo mia nikizeeka, na wewe ukaipata kwa debe."

Nje kuku alikuwa akitangaza yai lake. Gathogo aliinuka, akachukua kitambaa chake, akatoka, na kupita kwake karibu na Wilkista bila kumtazama kulikuwa kuzito kuliko tusi.

"Nilikuwa nakuita mwalimu," Wacuka akasema hatimaye. Hakupandisha sauti. "Watu walikuwa wananiambia, wewe Wacuka, huyo mama anajisikia. Nikawaambia hamumjui. Tisa, Wilkista! Za mzee wa watu! Si ungenitukana tu? Si ungekuja ukaniambia, mimi hii inaniuma, nigawie? Ningekupa hata tatu!"

Wilkista alijua ni kweli, angempa. Hilo ndilo lililomliza.

Wacuka hakumpa kiti, wala hakumfukuza. Mukimo ulibaki jikoni chini ya kifuniko. Baada ya muda Wilkista alichukua mkoba wake akaenda.

Wapo wanaodhani kukiri ndiyo mwisho wa kosa. Mtu akishasema "nisamehe" na kutoa machozi, wanataka afungiwe faili. Lakini aliyevunja chungu cha jirani hajamaliza mpaka alete chungu. Wilkista aliijua kanuni hiyo tangu benki, alikokuwa akiweka noti yake kwenye droo kabla ya kuchukua nyingine, na Jumatatu asubuhi aliivunja mihuri ya fremu zake, akafungua pembe za karatasi moja moja. Noti zikatoka jinsi zilivyoingia. Katika zile sitini na tatu alikuwa na saba za aina sawa na zile zilizopikwa. Mbili hakuwa nazo, kwa hiyo akachagua nyingine mbili, na hakuchagua mbaya.

Wanyonyi alisimama mlangoni akimtazama.

"Hiyo ya ishirini pia? Si ndiyo ya kwanza kabisa?"

"Hiyo pia."

"Wewe utabaki na zipi?"

"Na zilizobaki. Niletee albamu ndogo."

Alirudi Kitale na mfuko mmoja kwa kila noti, na karatasi aliyoandika kwa mkono jinsi ya kuzitunza: mbali na jua, mbali na selotepu, kioo kisiguse. Wacuka alizipokea akiwa amesimama. Alizihesabu. Aliinua ile ya ishirini kwenye mwanga, kama alivyofundishwa, akakitafuta kichwa cha simba, akakiona. Hakusema asante, na haukuwa wajibu wake kusema. Alisema tu, "Gathogo atanunulia pazia ile dirisha," akafunga mlango bila kuubamiza.

Hawajarudi kuwa marafiki. Pengine watarudi, pengine hapana, hilo si la Wilkista kuamua.

Mwezi wa nane ofisi mpya ya sacco ilifunguliwa, na Wilkista alikwenda siku ya kawaida, bila sherehe, kuchukua stakabadhi yake. Kabati la kioo lilikuwa pale kwenye kivuli cha ukumbi. Ile mia ya zambarau ilikuwa katikati, imeshikwa kwa pembe nne za karatasi, kioo kikiwa mbali nayo, na kuizunguka zilikuwa zile tisa alizompelekea Wacuka. Zote alizijua kama anavyoijua sauti ya Joan. Chini yake palikuwa na kibao cha shaba: Familia ya Gathogo na Wacuka, Saboti.

Wivu haukuwa umekufa. Uliamka palepale kama siku ya kwanza, naye akapanga foleni bila kuondoa macho kwenye kabati.

Mwanamke aliyekuwa mbele yake kwenye foleni aligeuka, mama wa makamo mwenye kikapu cha vitunguu.

"Hizi ni pesa za kweli?"

"Za kweli."

"Naona umeziangalia sana. Ni zako?"

Foleni ikasogea hatua moja.

"Hapana," Wilkista akasema. "Ni za Mama Wahu."